Milango ya Filamu Isiyopigwa

Mwizi wa kawaida akishaiba huondoka. Huyu alibaki akapanga vitu, akapaka rangi, akapigilia misumari, na hilo ndilo lililomkera Inspekta tangu alipoingia katika stoo ile asubuhi ya Ijumaa. Uinspekta wenyewe aliuacha zamani, alipostaafu polisi na kuanza kupeleleza mambo ya watu binafsi, lakini kila aliyemfahamu aligoma kumwita mwanamke huyu kitu kingine.

"Nieleze tena, polepole," alisema.

"Kwani nilikwenda mbio?" aliuliza mteja wake, na mabati ya paa yakatetema. Mteja alikuwa mtayarishaji wa filamu, mwanamke mrefu mwenye sauti iliyomfanya baba yake amwite Kipaza akiwa bado ananyonya, na jina likamganda. "Hapa palikuwa na milango. Milango ya mbao, ya kweli, ya nyumba za watu. Kila nyumba kuukuu ilipobomolewa, Baba alikuwa pale na rafiki yake Mbao, wanaomba mlango. Walijaza stoo nzima. Sasa tazama maajabu."

Inspekta alitazama. Milango ilikuwa imewekwa kwa ubavu, ikasimama usawa wa kiuno, mmoja nyuma ya mwingine. Ile ya mbele ilikuwa milango kweli, mizito, na kila mmoja ulikuwa na namba ya rangi nyeupe kwenye ukingo. Nyuma yake zilifuata fito tu, zimepakwa kijani, buluu na kahawia zifanane na kingo za milango, zikashikizwa juu ya vijiti vyembamba. Chini ya fito hizo hapakuwa na kitu. Ilikuwa sakafu ya saruji, tena imefagiliwa.

"Milango ya nini yote hiyo?"

"Ya Ile."

"Ipi?"

"Filamu. Haikuwahi kupata jina, nyumbani tunaiita Ile." Kipaza alishusha pumzi. "Baba ametengeneza vichekesho vingi, watu wamecheka, wameridhika. Lakini aliyoitaka kwa moyo wake ni hii. Mtaa mmoja, siku moja. Kamera haiingii ndani ya nyumba yoyote, inaona watu wakiingia na kutoka milangoni tu. Mara ya kwanza wafadhili waliingia mitini. Mara ya pili mvua ilizoa kiwanja kizima. Mara ya tatu nyonga ikamwangusha Baba, na hadi leo yuko kwenye kiti cha magurudumu. Safari hii nimeapa itapigwa. Nauza nyumba yangu, Jumatatu natia saini. Bila milango hakuna mtaa, Inspekta, na bila mtaa hakuna Ile. Umri wake unaujua. Hakuna mara nyingine."

"Utaishi wapi?"

"Nitajua huko mbele."

Inspekta hakupenda jibu hilo, ila hakulipwa ili apende majibu. "Mzee anajua milango imeondoka?"

"Thubutu! Nimemwambia wewe ni mtu wa bima."

"Funguo za hapa ziko ngapi?"

"Mbili. Mmoja wangu, mmoja wa Mbao. Baba hana haja nao, hapo nje kuna ngazi na kiti hakipandi." Kipaza alikunja uso. "Mimi namshuku yule mnunuzi wa mbao kuukuu wa sokoni. Ana macho ya mtu asiyelala."

"Huyo angebeba milango akaenda zake. Asingekaa hapa kutwa akipaka fito rangi."

Hatua moja kutoka kizingitini, sakafuni, kulikuwa na kipande cha utepe mweusi kilichobandikwa kwa umbo la T. Inspekta alikigusa kwa ncha ya kiatu.

"Hiyo ni alama," alisema Kipaza. "Tunabandika mahali mwigizaji anapotakiwa kusimama. Iko hapo tangu zamani."

Utepe ulikuwa unang'aa kama uliobandikwa jana. Mpelelezi alilinyamazia hilo. Alipokuwa akiutazama aliona kamba ya kiatu chake imefunguka, akavuta kreti lililokuwa limepinduliwa pembeni, akakaa ili aifunge. Alipoinua kichwa, stoo ilikuwa imejaa.

Alifumba macho, akafumbua. Milango ilikuwa imerudi yote, safu baada ya safu, mpaka ukuta wa mwisho. Sakafu tupu haikuonekana tena. Akasimama, milango ikatoweka. Akakaa, ikarudi.

"Hebu chuchumaa hapa," alisema.

Kipaza alichuchumaa, akapiga ukelele uliowafanya njiwa waruke juu ya paa.

"Hii ni kazi ya mtu wa fani yenu," alisema Inspekta. "Na hakuipanga kwa macho yangu wala yako, sisi tunasimama. Ameipanga kwa macho ya mtu aliyekaa. Nani kwenu nyumbani huangalia dunia akiwa amekaa?"

"Baba," alisema Kipaza. Kisha akaruka wima. "Mbao! Kumbe ni Mbao! Amemwibia Baba, halafu akamfunika macho ili asijue! Rafiki wa miaka yote hiyo!"

"Ngoja kwanza. Si umesema kiti hakipandi ngazi?"

Lakini Kipaza alikuwa ameshatoka na simu sikioni, akitafuta wakili. Inspekta alifunga stoo peke yake. Kando ya ngazi, ubao mpana ulikuwa umelala kifudifudi kwenye majani. Aliupindua kwa mguu. Upande wa chini ulikuwa na michirizi miwili ya matope yaliyokauka, imenyooka kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine. Akaurudisha kama alivyoukuta.

Karakana ya Mbao ilikuwa nyuma ya stendi ya magari, na yeye alikuwa ndani, mzee mkavu mwenye penseli sikioni, akipiga randa ubao wa kabati. Enzi zake alijenga majumba ya kifalme kwa plaiwudi, na mtaa mzima wa uongo kwa wiki moja. Sasa alitengeneza makabati.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mtu wa bima?"

"Ndiye mimi. Milango iko wapi?"

"Niliiuza." Hata randa hakuiweka chini.

"Kwa nani?"

"Kwa mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu wa kununua milango."

"Ulikuwa peke yako?"

"Peke yangu. Kama una pingu zilete, nina kabati la kumalizia jioni."

Inspekta alikuwa amehoji wezi wengi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuharakisha mambo kiasi hicho. Akatafuta mahali pa kukaa, akapata gogo, akabadilisha mwendo.

"Lakini zile fito, mzee, lazima nikusifu. Nimekaa pale nikaapa stoo imejaa."

Randa ilisimama. "Umekaa?"

"Nimekaa kabisa."

"Ahaa!" Uso wa Mbao ulichanua. "Watu hudhani ni rangi. Si rangi. Ni nafasi kati ya fito na fito. Huku mbele unaachanisha, kadiri unavyokwenda nyuma unabana, kidogo kidogo, jicho linadanganyika lenyewe. Ila ile ya kijani ilinitesa! Nasogeza kushoto, wapi. Nasogeza kulia, wapi. Jasho linanitoka. Mpaka akaniambia niilaze ki..."

Alinyamaza. Akaichukua tena randa na kuanza kupiga mahali alipokwisha kupiga.

"Akakuambia nani?"

"Nilijiambia mwenyewe. Moyoni."

"Mzee, wewe ulikuwa kule nyuma na fito mkononi. Huwezi kuipanga picha huku uko ndani ya picha. Lazima kulikuwa na jicho mlangoni, juu ya ile alama ya utepe, likikuelekeza. Na jicho hilo lilipanda kwa ule ubao ulioulaza kando ya ngazi."

Mbao alipuliza vumbi la mbao, kwa muda mrefu kuliko vumbi lenyewe lilivyohitaji. "Nimeshakiri," alisema. "Sheria inataka nini tena? Nimekiri, nikamate."

"Sikamati mtu siku hizi."

"Basi fanya hivi. Kabla hujaenda kumchokonoa, pitia kwa fundi cherehani pale kona. Muulize mlango wake aliupataje. Halafu kama bado una hamu ya kumfunga mtu, utanikuta hapahapa."

Duka la fundi cherehani lilikuwa dogo kiasi kwamba mteja na fundi hawakuweza kugeuka kwa pamoja, lakini mlango wake ungeifaa benki. Ulikuwa wa mbao nyekundu nzito, una kitasa cha shaba kilichosuguliwa. Inspekta aliusukuma, akainama, akaiona namba nyeupe kwenye ukingo.

"Mlango mzuri, dada. Umenunua wapi?"

"Huu haununuliwi," alisema fundi, mwanamke wa makamo mwenye pini mdomoni. Alizitoa, akazichomeka kwenye mkono wa gauni lake. "Huu nilifanyiwa usaili."

"Usaili wa mlango?"

"We acha tu! Wa kwangu ulikuwa umeliwa na mchwa, vibaka wanaingia na kutoka kama kwao, vitambaa vya wateja vinaondoka. Mzee Mbao akaniambia nenda kwa rafiki yangu. Nikaenda. Nikamkuta baba wa watu kwenye kiti chake, kanifungulia mlango wa sebuleni, anasema: ingia. Nikaingia. Toka. Nikatoka. Sasa ingia kama mtu aliyechelewa. Sasa toka kama mtu aliyesahau kitu ndani. Mwisho nikamwambia, baba, mimi nimefuata mlango, wehu ninao wa kwangu nyumbani. Alicheka mpaka akapaliwa. Akamwambia Mbao, mpe ule mwekundu, ni wake."

"Basi, ndiyo ikaisha?"

"Iishe wapi! Jioni Mbao humleta, wanakaa pale ng'ambo ya barabara, anatazama. Mwanzoni niliona haya. Siku hizi nikisikia magurudumu najitengeneza kidogo kabla sijatoka." Alicheka kwa haya hata sasa. "Na si mimi tu. Kinyozi anao, yule wa duka la dawa anao, wale wazazi wa pacha waliounguliwa na nyumba walipewa milango yote, hadi wa chooni."

Inspekta aliaga, akaufuata mtaa taratibu. Sasa aliijua milango hiyo kwa kuitupia jicho tu. Kulikuwa na wa buluu kwa kinyozi, wa kahawia wenye kidirisha cha kioo kwenye duka la dawa, na wa kijani kwenye nyumba mpya isiyopigwa plasta, ambapo watoto wawili waliofanana walikuwa wakisukumana nani apite kwanza. Alijikuta anatabasamu peke yake barabarani, jambo ambalo huwafanya polisi wamtilie mtu shaka.

Dairekta, baba yake Kipaza, alikuwa barazani kwake, mzee mnene mwenye shati lililopigwa pasi na miguu iliyofunikwa shali, anamenya chungwa.

"Karibu, mtu wa bima. Ila bima yenu inawavisha viatu vya polisi, hilo sikulijua."

"Shikamoo mzee. Nimetoka kwa fundi cherehani."

"Marahaba." Aligawa chungwa, akampa nusu. "Umemwona anavyotoka? Anatanguliza bega. Nimefanya kazi na waigizaji wakubwa wakubwa, hakuna aliyejua kutoka vile."

"Kwa hiyo hukatai."

"Nikatae nini? Mbao amekiri?"

"Amekiri peke yake, bila kuulizwa mara mbili."

"Mbao hajawahi kuigiza vizuri." Mzee alicheka, kisha kicheko kikaisha. "Nilianza baada ya nyonga. Nilimpa jirani mlango mmoja, nikaenda kuutazama ulivyofungwa. Nikakaa pale hadi jua likatua. Watu wanaingia, wanatoka. Sikuhisi njaa. Nikampa mwingine, na mwingine. Nina furaha, mwanangu. Hiyo ndiyo aibu yangu. Binti yangu hali wala halali kwa ajili ya Ile, na mimi mwenyewe nina furaha."

"Ndiyo maana mkazipanga zile fito."

"Asione. Nilikaa pale kwenye alama, nikamwelekeza Mbao, kushoto, kulia, laza, mpaka picha ikakaa sawasawa. Nilijisifu, nikamwambia Mbao bado nina jicho."

"Na katika kupanga kote huko hukukumbuka kwamba bintiyo husimama?"

Dairekta alitazama mikono yake iliyolowa chungwa. "Sikukumbuka," alisema. "Unajua, ukikaa miaka hii yote unasahau kwamba wengine wanasimama. Mtu niliyewagombeza wapiga picha maisha yangu yote kwa kosa hilohilo."

"Anauza nyumba, mzee. Jumatatu."

"Najua! Aliponiambia, nilishindwa kumeza chakula. Kila Jumapili nasema leo namwambia, kila Jumapili anakuja na habari njema, amepata huyu, amepata yule. Nakosa mahali pa kuchomeka neno. Mwambie wewe. Si umelipwa?"

"Nimelipwa kusema nani kachukua milango. Hayo mengine siyasemi mimi." Inspekta alitoa simu. "Namwita. Una muda wa kumaliza chungwa."

Kipaza hakuchelewa, kwa sababu hakuwa mbali. Alikuwa ameshamtoa Mbao karakanani, na sasa aliingia naye getini amemshika mkono wa shati, mzee wa watu anatembea upandeupande, penseli bado sikioni.

"Baba, usishtuke!" alisema, na majirani wote wakashtuka. "Nina jambo zito. Huyu rafiki yako..."

"Mwachie Mbao," alisema baba yake. "Milango nimeitoa mimi."

Akamweleza. Hakulizunguka neno, na hakutia chumvi. Alimwambia kuhusu jirani wa kwanza, na fundi cherehani, na pacha, na jioni za ng'ambo ya barabara, na fito. Mbao alisimama ameinamisha kichwa, na Inspekta akajisogeza hadi kwenye nguzo ya baraza asiwe katikati yao. Kipaza aliuachia mkono wa shati. Alipokuja kusema, alisema kwa sauti ambayo Inspekta hakuwahi kuisikia kwake, ndogo, ya kawaida.

"Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa nahangaikia nini?"

"Ulinihangaikia mimi."

"Na ulikuwa unajua. Unaniangalia tu."

"Nilikuwa najua." Mzee aliweka kando ganda la chungwa. "Kabla ya Ile, ulikuwa unakuja hapa lini? Sikukuu. Ukija tunaulizana afya, tunatazama ukuta, unaondoka. Ulipoishika Ile ukaanza kuja kila Jumapili. Unakaa hapo, unaniambia mambo mpaka chai inapoa. Nikaogopa. Nikasema nikimwambia siitaki tena, atakuja kufuata nini?"

Kipaza alikaa kwenye ngazi ya baraza, miguu yake mirefu ikafika katikati ya ua. Alijifunika uso kwa mikono yote miwili na mabega yakaanza kutikisika. Baba yake alishika magurudumu, akajisogeza hadi ukingoni mwa baraza, akanyoosha mkono lakini haukumfikia.

"Mwanangu, nisamehe."

Kipaza aliinua uso. Alikuwa analia, hilo ni kweli, lakini alikuwa anacheka pia.

"Baba, Ile sikuipenda hata siku moja."

"Unasema?"

"Hata siku moja! Nani atakaa saa mbili anatazama milango? Kamera haiingii ndani! Kila nikimsimulia mfadhili naona aibu, najikaza, naapa ni kazi kubwa. Nilijua itakufa sinemani wiki ya kwanza. Nikasema potelea mbali, nyumba iende, mradi wewe uione."

Mbao ndiye aliyeanza, kwa sauti nyembamba ya puani. Dairekta akamfuata, akacheka mpaka shali likaanguka, na kila alipotaka kunyamaza alisema "wiki ya kwanza!" akaanza upya. Inspekta aliliokota shali, akamfunika tena. Aliona kazi yake imekwisha, na kwamba katika kesi zake zote ni chache zilizomwacha na hamu ya kubaki.

Kipaza alijifuta uso, akampigia simu mnunuzi wa nyumba yake. Sauti ilikuwa imemrudia.

"Haloo! Nyumba haiuzwi! ... Ndiyo, nimeghairi! ... Hapana, hakuna aliyefariki!"

"Na Jumapili?" aliuliza baba yake.

Kipaza aliziba simu kwa kiganja. "Jumapili nini?"

"Sasa hakuna Ile. Ndiyo nauliza."

Kipaza alimgeukia baba yake. "Jikoni kwangu kuna pazia tu, hakuna mlango," alisema. "Tangu nihamie, hela yote nilikuwa naiwekea filamu. Ile milango iliyobaki pale mbele, chagueni mmoja. Jumapili Mbao anakusukuma, mnakuja kunifungia. Hujawahi kufika kwangu, Baba. Safari hii wewe ndiye utakuja."

Akarudi kumfokea mnunuzi. Dairekta alijipangusa macho kwa mgongo wa mkono, bila kujificha. Kisha akamgeukia Mbao, akamwomba ile penseli, akamuuliza bintiye kwa kelele nafasi ya mlango wa jikoni ina upana gani.